Ingenhousz: Daktari wa ndui aliyefichua siri ya pumzi ya mimea

KATIKA maabara za shule nyingi za upili nchini Kenya, lipo jaribio moja ambalo wanafunzi wa Biolojia hulifahamu vyema. Mmea wa majini hutiwa ndani ya chombo cha kioo kilichojaa maji, ukafunikwa kwa faneli, kisha chombo hicho kikawekwa juani.

Baada ya muda mfupi, viputo vidogo vya hewa huanza kupanda na kukusanyika katika neli iliyopinduliwa juu ya faneli hiyo. Mwalimu huingiza humo kijiti chenye kaa la moto, nacho huwaka papo hapo. Chombo hicho kikiondolewa juani na kufungiwa kabatini, viputo hukoma.

Ni wachache miongoni mwa wanafunzi hao wanaofahamu kwamba asili ya jaribio hilo ni kazi iliyofanywa mwaka wa 1779. Ni wachache zaidi wanaojua kuwa aliyeifanya hakuwa mtaalamu wa mimea, bali daktari aliyepata umaarufu na mali kwa kuwachanja watoto wa kifalme dhidi ya ndui.

Daktari huyo ni Jan Ingenhousz, raia wa Uholanzi. Ndiye aliyedhihirisha kwamba mmea una pumzi mbili: ile ya mchana, ambayo huisafisha hewa, na nyingine isiyokoma mchana wala usiku, ambayo huichafua. Leo, serikali na mashirika yanapohimiza upanzi wa miti ili kupunguza joto duniani, hesabu ya pumzi hizo mbili ndiyo inayotegemewa.

Kutoka Breda hadi London

Ingenhousz alizaliwa Desemba 8, 1730 mjini Breda, kusini mwa Uholanzi. Babake, Arnoldus, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi aliyekuwa na uwezo wa kumsomesha mwanawe hadi upeo wa juu.

Familia hiyo ilikuwa ya Wakatoliki katika nchi iliyotawaliwa na Waprotestanti, hali ambayo iliathiri mkondo wa masomo yake. Akiwa na umri wa miaka 16, kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Leuven, katika nchi ambayo sasa ni Ubelgiji. Alihitimu kuwa daktari mwaka wa 1753, kisha akaendeleza masomo yake mjini Leiden.

Aliporejea Breda alianza kutibu wagonjwa. Lakini kila alipopata nafasi, aliigeukia mitambo ya umeme na vyombo vya kemia. Udaktari ulimpa riziki, nao udadisi ukamnyima usingizi.

Huenda angeishi na kufia papo hapo Breda lau si urafiki wa zamani wa familia yake. Katika miaka ya 1740, jeshi la Uingereza lilipopiga kambi karibu na mji huo, daktari wake mmoja, Mskoti John Pringle, alijuana na mzee Arnoldus na kuvutiwa na akili za mwanawe.

Mzee huyo alipofariki mwaka wa 1764, hapakuwa tena na la kumzuia Ingenhousz nyumbani. Mwaka uliofuata alivuka bahari na kwenda Uingereza kwa himizo la Pringle, ambaye wakati huo alikuwa mmoja wa madaktari waliotajika jijini London.

Madhara machache, manufaa mengi

Katika karne hiyo, ndui ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyoogopwa zaidi ulimwenguni. Katika mikurupuko mikali, iliua kati ya watu 20 na 30 katika kila 100 walioambukizwa. Aghalabu waliopona walisalia na makovu usoni, na baadhi yao wakapofuka.

Kinga iliyokuwapo ilikuwa ya kutisha. Daktari alichukua usaha kutoka kwa mgonjwa aliyeshikwa na ndui hafifu, kisha akautia katika mchanjo mdogo kwenye ngozi ya mtu mzima wa afya. Aliyechanjwa aliugua kwa siku chache na, akipona, hakushikwa na ndui tena maishani.

Hata hivyo, mtu mmoja au wawili katika kila 100 waliochanjwa walikufa kutokana na mchanjo huo. Kwa hiyo madaktari waligawanyika. Wapo waliosema kuwa ni dhambi kumtia mzima ugonjwa, na wapo walioshikilia kuwa hatari ndogo inayokabiliwa kwa hiari ni afadhali kuliko hatari kubwa inayosubiriwa.

Ingenhousz aliunga mkono kundi la pili. Aliifanya kazi hiyo katika hospitali ya watoto walioachwa na wazazi wao jijini London, kisha akashirikiana na daktari Thomas Dimsdale kuchanja mamia ya wanavijiji wa jimbo la Hertfordshire wakati wa mkurupuko wa ndui.

Nako Vienna, makao makuu ya himaya ya Austria, Malkia Maria Theresa alikuwa katika majonzi. Ndui ilikuwa imemuua mwanawe Charles Joseph mwaka wa 1761, bintiye Johanna mwaka wa 1762 na mke wa kwanza wa mrithi wake, Joseph, mwaka wa 1763. Mnamo 1767 iliwaua mke wa pili wa Joseph na binti mwingine wa malkia huyo. Malkia mwenyewe aliugua akanusurika chupuchupu.

Aliomba msaada kwa Mfalme George III wa Uingereza, na jina lililopendekezwa likawa la Ingenhousz. Daktari huyo aliwasili Vienna mwaka wa 1768. Watoto wa maskini ndio waliochanjwa kwanza ili kupima usalama wa njia hiyo, jambo ambalo katika enzi hizo halikumshangaza yeyote.

Kisha ikawa zamu ya watoto wa malkia, Ferdinand na Maximilian, pamoja na mjukuu wake Theresa. Wote walipona. Maria Theresa alimteua Ingenhousz kuwa daktari wa ikulu na kumpa malipo ya florini 5,000 kila mwaka hadi mwisho wa uhai wake.

Fedha hizo zilimkomboa. Akiwa hana tena haja ya kuhangaikia riziki, aliweza kusafiri, kununua vyombo na kufanya utafiti alioupenda. Mwaka wa 1769 alikubaliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, chama mashuhuri cha wanasayansi. Mnamo 1775 alimwoa Agatha Maria Jacquin, dadake mtaalamu maarufu wa mimea Nikolaus Joseph von Jacquin.

Kitendawili cha mti na mshumaa

Wakati huo, wasomi wa Ulaya walikuwa wakisumbuliwa na swali ambalo ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu: mti hupata wapi unene na uzito wake?

Zaidi ya karne moja kabla, Jan Baptista van Helmont alikuwa amejaribu kulijibu kwa kupanda mche wa mti unaoitwa willow ndani ya chombo chenye udongo mkavu wa kilo zipatazo 90. Kwa miaka mitano hakuupa chochote ila maji. Mche uliokuwa na uzito wa kilo mbili na ushei ukawa mti wa kilo 77 hivi, ilhali udongo ulipungua gramu zisizozidi 60.

Van Helmont alihitimisha kuwa mti mzima umetokana na maji. La ajabu ni kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyebuni neno gesi, na aliifahamu hewa inayotoka makaa yanapoungua. Hakuwaza kamwe kuwa hewa hiyo ndiyo chakula alichokitafuta.

Mnamo Agosti 1771 jijini Leeds, kasisi wa Kiingereza Joseph Priestley aliwasha mshumaa ndani ya gudulia lililofungwa hadi ukazimika. Kisha akatia humo kitawi cha mnanaa. Siku kumi baadaye, aliona kuwa mshumaa unaweza kuwaka tena katika hewa ile ile. Alifanya hivyo kwa panya pia: palipokuwa na mmea, panya aliendelea kupumua, pasipokuwa na mmea, alikufa.

Royal Society ilimtuza Priestley mwaka wa 1773, na aliyetoa hotuba ya kumsifu alikuwa John Pringle, ambaye sasa alikuwa rais wa chama hicho. Pringle alieleza kwamba hakuna mmea unaoota bure. Kila mmoja, hata ule wa msituni usiokaribiwa na mtu, humsaidia binadamu kwa kuisafisha hewa. Hotuba hiyo ilimfikia Ingenhousz na kumkaa moyoni.

Ila lilizuka tatizo. Wengine waliporudia jaribio la Priestley hawakupata matokeo hayo. Nchini Uswidi, mwanakemia Carl Wilhelm Scheele aliona kuwa mimea yake iliiharibu hewa badala ya kuisafisha. Priestley mwenyewe aliporudia kazi yake miaka kadhaa baadaye, wakati mwingine mimea ilimtii na wakati mwingine ikamkana.

Hakuna aliyejua kwa nini. Wanasayansi hao walipima hewa, maji na mimea kwa makini, lakini hawakuhesabu kitu kimoja kilichokuwa kikiingia maabarani kupitia dirishani.

Majaribio 500

Katika kiangazi cha mwaka wa 1779, Ingenhousz alipata ruhusa ya kuwa mbali na ikulu ya Vienna, akakodi nyumba ya mashambani karibu na London. Kwa muda usiotimia miezi mitatu, alifanya majaribio zaidi ya 500.

Mbinu yake ilikuwa sahili. Alichuma majani mabichi, akayatia ndani ya gudulia la kioo lililojaa maji, kisha akaligeuza gudulia hilo juu chini ndani ya beseni la maji. Hewa yoyote iliyotoka katika majani ilipanda na kukusanyika juu, asiipoteze hata tone.

Viputo kwenye majani yaliyozamishwa majini vilikuwa vimeonwa na Charles Bonnet wa Geneva miaka mingi nyuma. Bonnet alidhani ni hewa ya kawaida iliyokuwamo majini. Ingenhousz hakuridhika na dhana. Aliikusanya hewa hiyo na kuipima.

Aliingiza mshumaa, ukawaka kwa mwangaza mkali kuliko katika hewa ya kawaida. Akatumia pia kipimo cha kemikali kilichoonyesha ubora wa hewa kwa kuichanganya na gesi nyingine na kutazama jinsi ujazo wake unavyopungua. Majibu yalikuwa yale yale: majani yaliyokaa juani yalitoa ile hewa safi ambayo baadaye ilikuja kuitwa oksijeni.

Jua lilipotua, viputo vilikoma. Hewa iliyopatikana usiku ilikuwa kidogo na mbovu. Mshumaa ulizimika ndani yake. Hapo ndipo kitendawili cha miaka minane kilipoteguka. Waliopata hewa safi walikuwa wameiweka mimea yao mwangani, na waliopata hewa mbovu walikuwa wameiweka gizani, bila ya yeyote kati yao kutambua umuhimu wa tofauti hiyo.

Je, lililofanya kazi ni joto la jua au mwanga wake? Ingenhousz aliyatia majani joto mahali penye giza, na hewa safi haikupatikana. Akahitimisha kuwa siri imo katika mwanga.

Aliendelea kuchambua sehemu moja baada ya nyingine. Majani na mashina ya kijani yaliisafisha hewa. Mizizi, maua na matunda yaliichafua mchana na usiku. Upande wa chini wa jani ulitoa hewa nyingi kuliko ule wa juu. Mimea iliyofunikwa na kivuli cha majumba au cha miti mingine haikufanya kazi ipasavyo. Hata mimea yenye sumu kali ilitoa hewa safi sawa na ile isiyo na madhara.

Alivyoitetea mimea

Daktari huyo alichapisha matokeo yake mwaka huo huo wa 1779. Kichwa cha kitabu chake, ambacho kilikuwa kirefu kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, kilitaja mambo yote mawili: uwezo mkubwa wa mimea wa kuisafisha hewa juani, na tabia yake ya kuiharibu kivulini na usiku.

Sehemu hiyo ya pili iliwashtua wengi. Ikiwa mimea huichafua hewa usiku, je, si hatari kuishi kando ya msitu? Hofu ya aina hiyo ilidumu vizazi vingi, hata katika baadhi ya hospitali ikawa desturi kuyaondoa maua vyumbani mwa wagonjwa kila jioni.

Ingenhousz mwenyewe hakuwa na hofu hiyo. Alikuwa amepima. Alieleza kwamba madhara ya mmea usiku kucha ni madogo mno yakilinganishwa na manufaa yake katika saa chache za jua. Sayansi ya sasa inamuunga mkono: mtu mmoja aliyelala hutoa hewa chafu nyingi zaidi kuliko mmea uliomo chunguni kando ya kitanda chake.

Ni dhahiri kuwa hapa aliyekuwa akisema ni yule daktari wa ndui. Kwa miaka mingi alikuwa amewaeleza wazazi wenye wasiwasi kwamba jambo lenye madhara kidogo linaweza kuwa na heri nyingi, almuradi pande zote mbili ziwekwe kwenye mizani. Aliitazama mimea kwa jicho lilo hilo. Hakuyaficha madhara yake ili kuipamba, wala hakuyakuza ili kutisha watu.

Ugomvi wa wasomi

Kama ilivyo ada, mafanikio hayo yalizaa uhasama. Priestley na wafuasi wake walidai kuwa yeye ndiye aliyeanza kutambua kazi ya mwanga, naye Ingenhousz akajitetea kwa ukali. Lakini mgala muue na haki yake mpe: bila ya mnanaa wa Priestley, Ingenhousz asingekuwa na swali la kujibu.

Mpinzani mwingine alikuwa Jean Senebier, kasisi na mtafiti wa Geneva. Mnamo 1782 Senebier alionyesha kuwa majani hutoa oksijeni pale tu maji yanapokuwa na hewa iliyojulikana wakati huo kama hewa iliyofungika. Hiyo ndiyo kabonidioksidi, ambayo wengi leo huiita hewa ukaa. Katika maji yaliyochemshwa hadi hewa hiyo ikatoka, majani hayakutoa kitu.

Ingenhousz alilikataa wazo hilo mwanzoni. Kama wengi wa rika lake, bado alikuwa amefungwa na nadharia kongwe za kemia ambazo zilikuwa zinaelekea kuporomoka. Mfaransa Antoine Lavoisier ndiye aliyekuwa akizivunja kwa kueleza upya maana ya oksijeni, kaboni na uunguaji.

Hatimaye daktari huyo alikubali kubadili msimamo. Katika chapisho lake la mwaka wa 1796 kuhusu chakula cha mimea, alitumia kemia mpya ya Lavoisier kueleza kuwa mimea huchukua hewa ukaa kutoka angani, ikabaki na kaboni na kuachilia oksijeni. Mtu wa miaka 65 aliweza kuyasoma upya majaribio yake mwenyewe na kuyapa maana ambayo hakuwa ameiona alipoyafanya.

Mnamo 1804, Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva alikamilisha hesabu hiyo kwa kuonyesha kuwa maji nayo huingia katika uzito wa mmea. Kwa hivyo Van Helmont hakuwa amekosea kabisa. Alikuwa na nusu ya jibu.

Siku za mwisho

Maisha ya Ingenhousz hayakuisha kwa utulivu. Aliondoka Vienna mwaka wa 1788, na Julai 1789 alikuwa Paris wakati mapinduzi ya Ufaransa yalipolipuka. Alipitia Uholanzi na kurudi Uingereza. Vita vilivyofuata barani Ulaya vilimfungia njia, na hakumwona tena mkewe, aliyebaki Vienna.

Jambo moja la mwisho linaonyesha kuwa hata mpima hewa hodari huweza kukosea kipimo. Mnamo 1798, daktari Edward Jenner alitangaza kuwa ugonjwa hafifu wa ng'ombe unaweza kumkinga mtu na ndui, bila ya hatari ya mchanjo wa zamani. Ingenhousz, ambaye sifa yake yote ilitokana na mchanjo huo wa zamani, alimwandikia Jenner kumpinga.

Historia ilimpa ushindi Jenner. Uingereza iliharamisha njia ya zamani mwaka wa 1840, na chanjo iliyotokana na wazo la Jenner iliendelea kutumika hadi mwaka wa 1980, ulimwengu ulipotangazwa kuwa huru kutokana na ndui.

Ingenhousz alifariki Septemba 7, 1799 akiwa na umri wa miaka 68 katika kasri la Bowood, magharibi mwa Uingereza, alikokuwa mgeni wa Bwana Lansdowne. Alizikwa katika mji jirani wa Calne. Ni katika kasri hilo hilo, chini ya ufadhili wa bwana huyo huyo, ambako Priestley alikuwa ameitenga oksijeni mwaka wa 1774.

Mizani ya leo

Sayansi imeongeza mengi juu ya msingi aliouacha. Inafahamika sasa kuwa jani huvuta hewa ukaa kupitia vitundu vidogo mno, ambavyo katika miti mingi huwa upande wa chini. Rangi ya kijani iliyo ndani ya jani hunasa nguvu za mwanga, nazo nguvu hizo hutumika kuunganisha hewa ukaa na maji ili kutengeneza sukari. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru.

Katika mwaka wa 1941, watafiti wa Marekani Samuel Ruben na Martin Kamen walionyesha kuwa oksijeni inayotoka katika mmea hutokana na maji, wala si katika hewa ukaa. Kaboni ndiyo inayobaki na kujenga sukari, majani, mizizi na mbao.

Takriban nusu ya uzito wa mti uliokaushwa ni kaboni. Kwa hiyo kila kilo 100 za mbao kavu zina kaboni ya kilo 50 hivi, iliyotolewa katika zaidi ya kilo 180 za hewa ukaa.

Lakini pumzi ya pili haijakoma. Mmea, kama mnyama, huichoma sehemu ya sukari yake ili kupata nguvu za kuishi, mchana na usiku. Mchana kazi hiyo haionekani kwa sababu usanisinuru huizidi. Usiku hubaki peke yake. Takriban nusu ya kaboni inayovutwa na mimea ya nchi kavu hurudishwa angani na mimea yenyewe. Nyingi ya iliyosalia hurudi baadaye kupitia kuoza na moto.

Pumzi hizo zinaonekana hata katika vipimo vya anga nzima. Katika mlima wa Mauna Loa, Hawaii, ambako hewa ukaa imepimwa tangu 1958, kiwango chake hushuka kila mwaka misitu ya kaskazini mwa dunia inapochipua, na kupanda majani yanapopukutika. Hilo ni gudulia la Ingenhousz lililokuzwa likawa kubwa kama dunia.

Hata hivyo, kila mwaka mstari huo huishia juu zaidi ya ulipoanzia. Kabla ya viwanda kuenea, hewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Sasa zimepita 420. Mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa na binadamu huongeza kiasi ambacho mimea na bahari haviwezi kukimaliza.

Mnamo 2022 Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Thamani ya mpango wa aina hiyo haipimwi siku ya kuchimba mashimo. Mche unaokauka mwezi wa pili haujahifadhi chochote, na mti uliokatwa ukachomwa makaa hurudisha kwa siku chache kaboni ulioikusanya kwa miaka.

Mti unaokua huvuta zaidi ya unavyotoa, na unaosimama huendelea kushikilia ulichokivuta. Tofauti ya pumzi hizo mbili ndiyo akiba pekee ambayo anga hupata kwa mti, na ndiyo aliyoipima Ingenhousz mwaka wa 1779, jani moja baada ya jingine, juani na gizani.